Jicho jekundu linaloogopa mwanga halitibiwi dukani

Dada mmoja wa Micheweni kaniandikia: jicho la kushoto jekundu, linauma ndani kwa ndani, mwanga hautaki kabisa. Dukani kapewa matone ya maambukizi, chupa imekwisha, nafuu hakuna. Anauliza anunue nyengine?

Usinunue, dada yangu. Huenda ni uvimbe wa ndani ya jicho, madaktari huuita uveitis, kama ulionipata mimi. Mimi nilimulikwa kwa tochi ya simu nikaambiwa ni macho mekundu tu, yatapita. Maneno yale yananichoma hadi leo, kwa sababu wakati huo mboni yangu ilikuwa imeshaanza kunata kwenye lenzi na kwenda upande.

Nikapanda boti kwenda Unguja. Daktari bingwa wa macho alinikalisha kwenye ile mashine ya kuegemeza kidevu na paji la uso, akazima taa za chumba, akapitisha mwale mwembamba wa mshazari ndani ya jicho. Katika maji ya mbele ya jicho zilikuwa zinaelea seli nyeupe, dalili ya uvimbe, kama vumbi kwenye jua la dirishani. Akazihesabu! Eneo lenyewe ni milimita 1 kwa 1, na madaraja yake wataalamu waliyachapisha mwaka 2005: seli 6 hadi 15 ni daraja la 1, hadi 25 la 2, hadi 50 la 3, zikizidi hapo ni la 4. Mimi nilikuwa la 3. Hapo ndipo nilipoamini kuwa siumwi na wasiwasi.

Alihesabu kwanza, kisha akanitia matone ya kupanua mboni atazame nyuma, maana uvimbe unaweza kuwa huko na mbele kukawa shwari. Presha ya jicho pia alipima, kwa kuwa matone ya steroidi, yale ya kutuliza uvimbe, huweza kuipandisha.

Kwa hiyo nawaambieni, wekundu kupungua si kupona. Dawa hupunguzwa kidogo kidogo kwa kufuata hesabu ya seli, haikatwi kwa kujitazama kiooni. Kila ukirudi, uliza: leo daraja la ngapi? Ni haki yako, na mimi daftari langu ninalo, limeandikwa hadi daraja sifuri.

Nenda wiki hii, dada. Na kwa kuwa uvimbe huu huweza kutokana na ugonjwa mwengine mwilini, mwambie daktari kama mgongo unakukaza asubuhi, kama unatoka vidonda mdomoni au una kikohozi kisichokwisha, apate kujua vipimo gani vya damu aanze navyo na kama kifua nacho kipigwe picha.