Mbao kavu, lakini kavu ya wapi?

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na fundi wa magitaa wa Ngamiani, Tanga

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni seremala hapa Dodoma, nimeanza kutengeneza magitaa. Nilinunua mkangazi Dar es Salaam, muuzaji akaniapia kwamba ni mkavu, umekaa bandani zaidi ya mwaka. Mwezi wa nne nikachonga shingo mbili. Kufika mwezi wa tisa moja imejisokota, na zote mbili ncha za freti, vile vichuma vinavyokatiza shingo, zimetokeza pembeni, zinakwaruza mkono. Je, nimeuziwa mbao mbichi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Muuzaji hakukudanganya. Mkangazi wako ulikuwa mkavu kweli, ila ulikuwa na ukavu wa Dar es Salaam.

Mbao hunywa na kutoa unyevu kufuata hewa inayoizunguka, na haiachi tabia hiyo hata ikizeeka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, mbao nyingi hutulia zikiwa na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 50 huzishusha hadi 9 hivi. Sisi wa Pwani tunaishi jirani na ile hewa ya kwanza. Nyinyi, mvua zikishakatika, mnaisogelea ya pili, na alasiri za Septemba ni kavu zaidi ya hapo. Kwa hiyo ulichonga na kuweka freti kwenye ubao ambao ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kukauka upya.

Freti zenyewe hazikurefuka. Fretibodi, ule ubao mwembamba unaobeba freti, ndiyo iliyosinyaa kwa upana, na kwenye upana wa milimita 55 inaweza kupotea karibu nusu milimita. Ncha hizo zisawazishe kwa tupa laini, ni kazi ya jioni moja. Shingo iliyojisokota, pole, hiyo ning'iniza ukutani uitumie kama kipimo cha kuchorea nyingine. Chuma kinachowekwa ndani ya shingo hupambana na upinde wa mbele na nyuma tu; msokoto hakiuwezi.

Safari ijayo mzigo ukifika, usiwe na haraka ya patasi. Pasua vipande vya shingo vikiwa vinene kuliko unavyotaka: ukihitaji milimita 22, acha 28. Ncha zipake nta ya mshumaa au rangi ya mafuta, kwa sababu maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na nyufa huanzia hapo. Vipange juu ya meza. Sakafu ya sementi hutoa unyevu, na ubao ulioegemezwa ukutani hupinda kwa uzito wake wenyewe. Kati ya kipande na kipande weka vijiti vikavu vya unene mmoja, vilivyopangana wima kutoka chini hadi juu, ili hewa ipite pande zote. Chumba kiwe kilekile unachofanyia kazi, na jua la dirishani lisivifikie.

Halafu kaazime mizani ya jikoni. Vijana wengi hulilia kipima unyevu cha sindano. Ni kizuri, ninacho, lakini kila aina ya mbao ina marekebisho yake, na wengi hawasomi karatasi iliyokuja nacho. Mizani haina maneno mengi. Pima kila kipande, andika uzito na tarehe juu yake kwa penseli, rudia kila Jumamosi. Chukua mfano wa kipande ambacho kikikaushwa kabisa kingekuwa na gramu 700. Kikitoka Dar na asilimia 15 ya maji kitakuwa na gramu 805. Kikitulia kwenye 9 kitakuwa na 763. Gramu 42 za maji, karibu vijiko vitatu vya chakula, zimetoka kwenye kipande kimoja tu cha shingo! Uzito ukigoma kushuka wiki tatu mfululizo, ubao umeshakuwa mwenyeji wa Dodoma.

Usiniulize itachukua miezi mingapi. Ile kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene ni ya mbao mbichi kutoka msituni, na wako ulishakauka nusu ya njia.

Uzito ukitulia, piga randa, lakini usifike mwisho. Acha milimita tatu, rudisha vipande kwenye vijiti wiki mbili nyingine. Ukipunguza mbao unafungua mivutano iliyokuwa imebanwa ndani, na mimi napenda anayetaka kupinda apinde sasa, kabla sijamwekea freti. Kikipinda kidogo, kinyooshe. Kikipinda tena, kifanye mguu wa stuli. Hata ukishagandisha fretibodi, ngoja wiki moja kabla ya kuisawazisha, kwa sababu gundi nyeupe ina maji na huvimbisha upande mmoja wa shingo.

Na dukani, kabla ya kuuliza bei, tazama kichwa cha ubao. Mbao husinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata duara za ukuaji kuliko kwa kuzikatiza. Chagua ule ambao duara zake zinaonekana kama mistari iliyosimama wima. Kisha tazama ubavuni. Mistari ikikimbia mshazari kutoka ukingo huu hadi ule, ubao huo mwachie mtengeneza milango, kwenye shingo utakusumbua.

SWALI: Fundi, salamu sana. Niko Mombasa. Ndugu yangu aliye Minnesota, Marekani, ataka nimtengezee gitaa. Kuna mtu aniambia nianike mbao juu ya mabati wiki nzima, zitakauka kabisa. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Aliyekwambia hivyo hajawahi kuzipasua baadaye. Juani ngozi ya ubao hukauka na kukaza ilhali ndani bado kuna maji. Utaona nyufa ndogo ndogo juu, na ukiupasua utaubana msumeno. Isitoshe, usiku unakunywa tena hewa ya bahari.

Tengeneza kabati la plaiwudi lenye matundu chini na juu. Chini weka balbu ya zamani ya wati 40, ile inayotoa joto (ya LED haitoshi), izungushie wavu, na mbao zikae mbali nayo. Tundika humo kipima unyevu wa hewa. Lenga asilimia 45 hadi 50, kiwango ambacho viwanda vya magitaa hufanyia kazi. Shingo, fretibodi, hata gitaa ambalo halijakamilika, vyote vilale humo. Toa unachofanyia kazi na ukirudishe jioni.

Kwa nyumba ya Minnesota hiyo bado haimalizi kazi. Wakati wa baridi, hita zikiwaka, unyevu wa ndani hushuka chini ya asilimia 30. Mwambie ndugu yako gitaa likae kwenye kasha lake pamoja na kifaa cha kuongeza unyevu. Ukimwekea fretibodi ya mpingo, jua kwamba jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, iliingia mwaka 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na tangu 2019 ala iliyokamilika imesamehewa. Mbao tupu haikusamehewa, kwa hiyo usimpenyezee kipande cha akiba ndani ya kasha.

SWALI: Mninga unafaa kwa shingo ya gitaa?
Msomaji, Tabora

JIBU: Unafaa sana, na huko ndiko kwao. Husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi ninazozijua, kwa hiyo ukishatulia kwenye mizani haukusumbui tena. Ondoa weupe wote wa pembeni, maana wadudu huupenda. Ukiona unga laini chini ya rundo, toa kipande hicho nje siku hiyohiyo. Na unapopiga msasa funga pua, vumbi la mninga linawasha.