Chagua betri kabla ya mashine: majibu kwa seremala wa nyumbani

Maswali mengi ya safari hii yametoka kwa watu ambao useremala si kazi yao. Wanataka kujitengenezea kitanda, meza au rafu nyumbani kwao, na wanauliza mashine gani za kuchaji wanunue. Nimechukua yale yanayogusa wengi.

Shikamoo fundi. Nataka kutengeneza dabodeka ya watoto na rafu ya vitabu, mwenyewe, hapa uani. Pesa yangu inatosha mashine mbili tu za betri. Nianze na zipi? (Baba wa watoto watatu, Mbagala, Dar es Salaam)

Marahaba. Ya kwanza ni drili. Inatoboa na inafunga skrubu, na dabodeka yako yote itasimama kwa kazi hizo mbili. Tafuta yenye gia mbili na ile pete ya namba shingoni. Namba ndogo ndizo zinazozuia skrubu isizame ikapasua ubao. Kwa paini na saiprasi, nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 50 inatosha kabisa, usilipie zaidi ya hapo.

Kwa ya pili wengi hukimbilia jigso, ule msumeno wa bledi nyembamba inayopanda na kushuka, kwa sababu ni nyepesi na haitishi. Mimi nakushauri msumeno wa duara. Kitanda na rafu ni mistari iliyonyooka mitupu, na jigso kwenye ubao mnene huyumba: juu unaona umefuata mstari, ukigeuza ubao unakuta bledi ilipinda huko chini. Msumeno wa duara wa bledi ya milimita 165 unakata kina cha milimita 55 hivi, kwa hiyo ubao wa mbili kwa nne unaisha kwa mkato mmoja. Bana ubao mwingine ulionyooka kwa klampu mbili, msumeno uteleze ukiuegemea. Bledi ya meno 24 ni ya kupasua na ya mbao nene. Kwa plaiwudi tumia ya meno 40 au zaidi, la sivyo kingo zitachanika.

Randa ya umeme usinunue. Kwenye maeneo ya kuuzia mbao kuna watu wa mashine wanaopasua na kupiga randa kwa malipo. Wapelekee orodha ya vipimo, mbao zirudi zimenyooka pande zote nne. Kisha zipe muda. Paini inayoshuka kutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi mara nyingi inafika bado ina maji, na ukiiunga hivyo kitanda kitaanza kulia na kuachia viungo baada ya miezi michache. Ipange kivulini, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite, usiiguse kwa wiki kadhaa. Pesa uliyokuwa uitie kwenye randa nunulia klampu, skwea iliyo sahihi na betri ya pili.

Kariakoo nimeonyeshwa drili imeandikwa 88VF, bei yake haifiki nusu ya ile ya volti 18. Muuzaji anasema ina nguvu karibu mara tano. Ni kweli? Na hii ya 20V inaizidi ya 18V? (Kijana wa Tabata)

Si kweli, na naomba wengine wote wasome jibu hili kabla hawajatoa pesa.

Ndani ya betri ya namna hiyo kwa kawaida mna seli tano za lithiamu zilizoungwa mfululizo. Seli moja inahesabiwa kuwa na volti 3.6, basi tano zinatoa 18. Ikitoka kwenye chaja imejaa kabisa, kila seli inafika 4.2, na tano zinatoa 21. Kwa hiyo 18V, 20V na 21V ni betri ya aina moja iliyopimwa katika hali tofauti. DeWalt wanauza mashine zao Marekani kwa jina la 20V Max na Ulaya kwa jina la 18V, na betri ni zilezile. Hizo 48V, 88VF na 128VF za kwenye maboksi ya rangi kali si volti za kitu chochote. Ukienda na mita ya umeme, igusishe kwenye vyuma vya betri mbele ya muuzaji, utaona namba isiyozidi 21 hivi. Mashine yenyewe pengine itatoboa vizuri. Kinachoniumiza ni mtu aliyedunduliza pesa yake kuuziwa namba ya uongo.

Namba ya kusoma ni ile inayofuatwa na Ah, yaani ampea-saa. Zidisha kwa volti upate wati-saa, ambazo ndizo akiba ya umeme iliyomo. Betri ya volti 18 na 2 Ah ina wati-saa 36. Ya 5 Ah ina 90. Hapo napo wapo wanaobandika karatasi ya uongo, lakini mkono wako unaweza kuwakamata. Seli za aina ya 18650, ambazo ndizo zimeenea, zina gramu 45 hivi kila moja, na betri ya 5 Ah iliyojengwa kwa seli hizo inabeba kumi. Hizo ni gramu 450 kabla hujahesabu ganda. Ukishika "5 Ah" ikawa nyepesi sawa na ya 2 Ah iliyo pembeni yake, irudishe rafuni.

Sasa jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Ukishanunua betri ya kampuni fulani, umekwisha kuchagua mashine zako zote zitakazofuata, kwa sababu betri ya huyu haiingii kwa yule. Hata ndani ya kampuni moja si zote zinazoelewana. Bosch ya bluu ya volti 18 haishiki betri ya Bosch ya kijani. Makita ya volti 18, yenye alama ya LXT, haiingiliani na ile ya volti 40. Faida unaipata kwenye mashine ya pili na ya tatu, ambazo utazinunua tupu, bila betri wala chaja, kwa bei ndogo zaidi.

Kwa hiyo dukani anza kuulizia betri. Inauzwa peke yake hapa mjini? Chaja ikifa nitaipata? Swichi na gia je? Muuzaji akianza kuzungukazunguka, ondoka. Mashine za Ingco na Total nasikia zikidharauliwa, na si haki: kwa mtu wa kitanda kimoja na rafu mbili kwa mwaka zinatosha, na utazikuta kwenye maduka ya miji mingi. Anayeshika drili kila siku kama mafundi wa fanicha wa Keko, Dar es Salaam, ndiye ajipinde anunue Makita, Bosch ya bluu au DeWalt, tena zile zisizo na kaboni kwenye mota (brushless). Hazina kaboni ya kulika na kubadilishwa, na chaji moja inakwenda mbali zaidi.

Hujambo fundi? Dada yangu anakuja Desemba kutoka Marekani na anasema seti za mashine huko ni nafuu. Aniletee? (Msomaji wa Nairobi)

Sijambo. Mashine na betri alete, chaja aiangalie vizuri. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu Kenya ni 240. Chaja nyingi za seti za kule zimeandikwa 120V peke yake, na ukiichomeka Nairobi itaungua hapo hapo. Asome kibandiko cha nyuma: kikisema 100–240V hakuna shida. Kisiposema hivyo, hakikisha kabla hajalipa kwamba chaja ya kampuni hiyo inauzwa Nairobi. Betri ya DeWalt ya 20V Max kutoka Marekani inakubali chaja yao ya 18V ya upande wetu, na betri za Makita LXT vilevile.

Kwenye ndege, mashine zinakwenda kwenye mzigo wa chini, ila betri za lithiamu zilizochomolewa lazima awe nazo kwenye begi la mkononi, vyuma vyake vimefunikwa kwa utepe. Isiyozidi wati-saa 100 inapita, na hiyo ni pamoja na 5 Ah ya volti 18. Ile ya 6 Ah inafika 108, na kuanzia 100 hadi 160 inabidi aombe ruhusa ya shirika la ndege, mwisho betri mbili. Aombe mapema, wengi wamenyang'anywa kwenye ukaguzi.

Mwenye ndugu Dubai, Muscat au Uingereza hana wasiwasi wa chaja. Volti zao ni kama zetu, na plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa.

Impakti na drili tofauti yake nini? Nina mbao za mninga za meza. (Morogoro)

Impakti ina nyundo ndani inayopiga huku ikizungusha, kwa hiyo inafika nyutonimita 150 na kupita bila kukuumiza kiwiko. Ni mashine ya skrubu ndefu za kenchi na mageti ya mbao. Kwa meza ya mninga haifai kuwa mashine yako ya kwanza, maana inakata vichwa vya skrubu nyembamba kabla hujaachia kitufe. Tumia drili. Toboa kwanza shimo jembamba kidogo kuliko skrubu, kisha sugua skrubu kwenye mshumaa. Itaingia laini hata kwenye mninga mkavu.

Huku kwetu Mwanza umeme unakatika na nina sola ndogo. Je, ninunue mashine zote za betri, pamoja na ya msasa?

Ya msasa iache iwe ya waya. Fanya hesabu hii: mashine ya msasa ya mviringo ya waya hutumia wati 300 hivi. Betri kubwa ya wati-saa 90 ukiigawa kwa 300 unapata dakika 18, na kupiga msasa uso wa meza moja ni kazi ya saa nzima na zaidi. Utashinda unabadilisha betri huku vumbi linakungoja. Drili ni tofauti, inafanya kazi kwa sekunde chache kisha inapumzika, ndiyo maana betri ya 2 Ah inaweza kukutoshea kazi ya siku.

Kuchaji kwenyewe hakugharimu kitu cha kuogopa. Uniti moja ya LUKU, yaani wati-saa 1,000, inajaza betri ya wati-saa 90 karibu mara tisa, ukitoa umeme unaopotea kwenye chaja. Kwenye sola angalia nguvu ya inveta, si paneli peke yake: chaja ya haraka inaweza kuvuta wati zaidi ya 200, na inveta ndogo ya taa na simu itajizima. Chukua chaja ya polepole, uchaji mchana jua likiwa kali.

Na kwa kuwa umetaja msasa: vaa barakoa halisi, N95 au FFP2, usijifunge kitambaa. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. La mvule linawasha ngozi na kubana kifua hata kabla ya hayo. Watoto wasikae karibu na unapopiga msasa.

Mimi ni mama wa miaka 58, napenda kutengeneza vitu vidogo vya mbao. Drili ya mwanangu inanichosha mkono, na fundi wa mtaani ananiambia hizi ni kazi za wanaume. (Tanga)

Shikamoo mama. Aliyekuambia hivyo hajakutazama ukifanya kazi. Drili ya volti 18 ikiwa na betri kubwa inakaribia kilo mbili. Tafuta zile zinazouzwa kwa jina la volti 12. Ndani zina seli tatu, na drili yake ina uzito wa kilo moja tu hivi. Kwa visanduku, vigoda na fremu za picha hutakosa nguvu, hata kwenye mtiki. Jua tu kwamba betri yake haiingii kwenye mashine za volti 18 za mwanao.

Betri naihifadhi vipi? Joto la huku ni kali. (Lodwar)

Ndani ya nyumba, mahali penye kivuli, kamwe si kwenye gari. Ikiwa hutaitumia kwa miezi, iache na chaji ya nusu, isiwe imejaa wala kuisha. Ikitoka kwenye kazi ikiwa ya moto, iache ipoe ndipo uichaji.

Fundi, sina pesa ya msumeno wa duara. Nimeona mafundi wanafunga bledi ya mbao kwenye grenda na inakata vizuri. Nami nifanye? (Kijana anayejifunza, Bungoma)

Hapana, kijana wangu. Nakuomba usifanye.

Grenda ndogo inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa duara wa betri uko kati ya 3,700 na 5,000, una kitako kipana kinacholala juu ya ubao, na una kinga inayojifunga yenyewe ukiunyanyua. Grenda haina kitako. Ili bledi kubwa iingie, watu huivua kinga yake, na bledi nyingi za msumeno hazikutengenezwa kwa mwendo huo. Soma namba iliyochapwa juu ya chuma chake. Jino moja likinasa kwenye fundo la mbao, mashine yote inarukia nyuma, kwenye paja, tumbo au shingo, kwa kasi ambayo mkono wa mtu hauwezi kuizuia. Na nyingi, ukishafunga kitufe chake kibaki kimewashwa, hazizimiki hata zikikutoka mkononi.

Bledi hiyo ivue leo, grenda ibaki ya chuma. Nunua msumeno wa mkono na tupa ya pembetatu ya kunolea, umwombe fundi aliye karibu akuonyeshe namna ya kunoa. Msumeno ulionolewa vizuri unamaliza ubao wa mbili kwa nne wa saiprasi kwa muda mfupi sana, na utaendelea kuutumia hata siku utakapopata wa betri.