Kwa dada wa Pangani: mtoto anakaza miguu, nimpeleke akanyooshwe?

Dada pole na hongera kwa kulea, nimekusoma vizuri. Mtoto anakaribia miaka 3, mmeambiwa ni mtindio wa ubongo, ukimsimamisha miguu inakaza na kupishana, na kuna mtu hapo mtaani anataka elfu kumi kila akija kumchua na kumnyoosha. Unauliza hiyo hela ina kazi au inaliwa tu. Mi binti yangu ana hali hiyo hiyo, tuko Ngamiani huku Tanga mjini, saa hizi yuko darasa la pili anatembea na woka (kile chuma cha kushikilia akitembea), kwahiyo naongea kwa nilichokiona.

Hiyo elfu kumi mnunulie mayai. Misuli ya hawa watoto haijajikunja tu kwamba ukiivuta itanyooka ibaki hivyo, tatizo liko juu kwenye ubongo unaoituma vibaya, ndo maana akishavutwa analegea kidogo halafu jioni mguu ule ule umerudi pale pale. Kumchua kwa upole akilala sawa, analegea na anafurahi, hilo sina ugomvi nalo. Kuvuta kwa nguvu mtoto analia mpaka anapaliwa, hapana, tena mtoto ambaye hajawahi kusimama mifupa yake inakuwa dhaifu, unaweza kumvunja paja hivi hivi.

Na si maneno yangu tu. Australia kuna mtafiti Iona Novak, yeye na wenzake walikusanya tafiti kibao za watoto hawa wakatoa majibu 2013, wakayarudia 2020, tiba wakazipanga kwa rangi za taa za barabarani, kijani ni ile inayofanya kazi. Kunyoosha viungo kwa mkono peke yake hakukupewa kijani. Kijani ilienda kwa mazoezi ambayo mtoto mwenyewe ndo anafanya, kwa kitu anachokitaka, tena na tena, na mazoezi ya nyumbani yenye mtaalamu wa kuyaelekeza. Hapo ndo watu wa uswahilini tunapona, manake nyumbani tunapo.

Nikuambie sisi tulivyofanya. Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) alituambia acheni kumwinua, mwacheni ainuke. Tukapindua ndoo ya lita kumi, tukamkalisha juu yake mbele ya dirisha lenye nondo, miguu yote miwili imekanyaga chini, visigino navyo viguse, magoti yameachana kidogo (mama yake alikuwa anaweka kanga iliyokunjwa katikati). Huko nje saa kumi anapita mama wa bagia. Mtoto anamsikia, anataka kumuona, basi anashika nondo anainama mbele, pua inavuka vidole vya miguu, halafu matako yanatoka kwenye ndoo. Hiyo kuinama mbele ndo siri yenyewe, wengi wanajisukuma kwa nyuma wanadondoka, we kaa nyuma yake mikono yako iwe karibu na kiuno bila kumbeba. Usimvute mikono hata kidogo. Ndoo ilipokuwa rahisi tukahamia kigoda cha jikoni, manake kiti kikiwa chini zaidi kuinuka kunakuwa kugumu zaidi. Mwanzoni anainuka mara mbili amechoka, anakasirika, unaacha, kesho tena. Bibi yake alikuwa anatununia kweli, anaona tunamtesa mtoto, siku hiyo kafika juu mwenyewe kamuita mama wa bagia kwa jina, bibi ndo akawa mlipaji wa bagia tangu hapo.

Sasa usije ukadanganywa kwamba ukikazana atapona kabisa. Kuna ngazi 5 za mwendo, walizipanga watu wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Canada 1997, ya kwanza anatembea mwenyewe, ya 5 hata kichwa kukishika kazi. Wangu ni ya 3. Mazoezi yanamfikisha mtoto mwisho wa uwezo wa ngazi yake, kumrusha ngazi ni nadra, anayekuahidi hivyo ana njaa zake. Wakanada hao hao walifuatilia watoto zaidi ya 600, majibu yakatoka 2002, wengi walifikia kama asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo kabla ya kutimiza miaka 5. Wako anakaribia miaka 3, hesabu hapo, usisubiri akue kwanza kama wanavyokushauri.

Kitu ambacho sijaona mtu amekugusia ni nyonga. Huyu wa miguu kupishana, misuli ya ndani ya paja inavuta mfupa wa paja utoke kwenye kikombe chake taratibu na mara nyingi mwanzoni haumi, ukija kugundua mtoto analia ukimvisha nepi imeshakuwa ya upasuaji. Karibu theluthi ya watoto hawa nyonga zinasogea, na kadri ngazi ilivyo mbaya ndo zaidi. Uswidi ya kusini walianza kufuatilia watoto wote kwa eksirei mwaka 1994, nyonga zilizochomoka kabisa zikapungua mpaka karibu hakuna. Kwahiyo ukipanda gari kuja Tanga, pale hospitali ya Bombo omba waangalie nyonga na wakupe mtu wa fizio siku hiyo hiyo, usirudi na panado tu. Kama anapata degedege dawa zake usizikatishe kwa ajili ya mazoezi.

Na ukisikia habari za viti vya kumkalishia mtoto vya kutengeneza kwa maboksi na gundi ya unga wa ngano, ni vya kweli, wazo lilianzia Zimbabwe, ila usitengeneze kabla hajapimwa urefu wa paja na mgongo.

Tuambie, ukimkalisha chini bila kumshika anakaa au anaanguka? Na kichwa anakishika mwenyewe? Manake ile ndoo ni ya anayeshika kichwa, kama bado tunaanzia kwingine.