Dada, usilifungue hilo kundi

Mleta uzi, futa hilo wazo kabla hujalala. Umeandika kwamba una namba 740 ulizokusanya kwenye makundi ya harusi, msiba na wazazi wa shule, na kesho unafungua kundi la WhatsApp uwaingize wote uwauzie vyombo. Halafu unauliza uposti saa ngapi, bei uiandike au uwaite inboksi, na wenye maneno machafu uwajibu vipi. Mimi nimekwama hapo kwenye 740. Tumbo limenisokota.

Mwaka 2021 nilikuwa nauza mashuka Kariakoo. Nikalipa 50,000 kuhudhuria semina ya mtu anayejiita mwalimu wa masoko mtandaoni. Kauli yake kuu: "Mteja hatafutwi, anaingizwa." Tukaandika kwenye madaftari, watu wazima na akili zetu. Mwisho wa semina akatuuzia na namba, 300 kwa 30,000, zimepangwa kwenye Excel kama nyanya kwenye mafungu. Cheti chake ninacho hadi leo, kimeziba kioo kilichovunjika chooni. Kinafanya kazi kuliko mafunzo yenyewe.

Saa mbili usiku nikafungua "MASHUKA BEI POA DAR". Wakati huo mwisho wa kundi ulikuwa watu 256, nikalijaza: wateja wangu, majirani, watu wa kwenye makundi, waliobaki nikachota kwenye zile za mwalimu. Nikatupia shuka la maua ya zambarau, sita kwa sita, foronya nne. Skrini ikaanza: ametoka, ametoka, ametoka. Siku hizi mtu akitoka wanaojulishwa ni maadmini tu, kwa hiyo wewe utafedheheka kimyakimya. Mimi niliumbuka hadharani. Nilihesabu hadi 60 nikaacha. Mjomba wangu wa damu naye alitoka.

Ikaja meseji ya mama mmoja wa mtaani. Namba yake niliitoa kwenye kundi la msiba wa mumewe, arobaini yenyewe ilikuwa haijafika. Ameandika: "Mwanangu, nilidhani ni mambo ya rambirambi, kumbe mashuka." Basi. Bora angenitukana.

Hiyo ni aibu, aibu huisha. Sasa njoo kwenye hela. Kwenye zile namba za mwalimu kulikuwa na muuza mashuka mwenzangu. Yeye hakutoka, wala hakuandika neno. Alikaa anachukua namba za watu moja moja, akiwemo mzee mwenye gesti mbili Temeke aliyekuwa anachukua kwangu jozi 40 kila baada ya miezi mitatu. Kumpigia mwezi uliofuata, ananiambia kwa upole kabisa: "Kuna binti alinicheki, ananipunguzia elfu tatu kila jozi. Si ulituweka kundi moja?"

Si ulituweka kundi moja! Miaka minne namtunza yule mzee, namtafutia shuka nyeupe isiyofubaa kwa jiki, halafu nikamshika mkono mwenyewe nikampeleka kwa mshindani wangu, nikawatambulisha.

Na walioniripoti walikuwa wengi, maana namba yangu ilifungiwa. Ileile niliyoichapisha kwenye mifuko 1,000 ya dukani. Hiyo mifuko nimeimalizia kubebea mchicha. Kumpigia mwalimu anisaidie, akasema nina fikra za kimaskini, kisha akanibloku. Kubloku anajua, kufundisha ndiyo hajui.

Wewe una hatari kuliko mimi. Kundi sasa linabeba watu 1,024, yaani nafasi ya kuumbuka ni mara nne ya yangu. Tena tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kazi, na ina Tume yake. Mtu aliyetoa namba ili achangie harusi hakuitoa ili auziwe masufuria.

Piga hodi, dada. Mimi sasa mtu akinunua namuuliza, "Mzigo mpya ukiingia nikutumie?" Akikubali, namwomba asevu namba yangu palepale mbele yangu, maana sitaki tena kundi, natumia brodkasti, yaani ujumbe mmoja unaoutuma kwa wengi kwa mpigo: humfikia aliyekusevu tu, na wapokeaji hawaonani. Nilianza na watu 19. Kwa wiki tatu nilijiona kichekesho, naandaa picha nzuri za kuonwa na watu wasiojaa hata daladala. Leo wamepita 170, na akisema mtu nimtoe, namtoa bila kumuuliza sababu. Kwenye kundi la msiba natoa pole, natoa mchango, nanyamaza. Hata picha yangu ya profaili ikiwa ni ya shuka naibadilisha kwanza.

Bei andika. Ukimwita mtu inboksi anahisi unataka kumpima mfuko kwanza. Saa ya kuposti sijui itakusaidia nini kwa watu ambao hawajakukaribisha. Kulikuwa na swali la tatu, limenitoka kwa hasira.

Hizo 740 hujaanza kuziingiza, si ndiyo? Jibu kabla ya saa mbili.