Maswali ya Wasomaji: Mbona Bado Tunalipia Mafuta?

SWALI: Tunaambiwa kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Mbona basi kila ninaponunua tokeni nakatwa gharama ya mafuta? Na ikiwa jua halilipiwi, kwa nini tusijenge sola peke yake? (Mwalimu, Nakuru)

JIBU: Uliyoambiwa ni kweli, Mwalimu, ila hayo ni mahesabu ya mwaka mzima, ilhali gridi ya taifa huendeshwa kwa saa na dakika. Umeme unaotumika sasa hauna budi kuzalishwa sasa, isipokuwa pale palipo na namna ya kuuhifadhi. Matumizi ya Kenya hufikia kilele baada ya saa moja jioni, na katika miaka ya karibuni kilele hicho kimevuka megawati 2,000. Saa hizo mtambo wa sola wa Garissa, wenye uwezo wa megawati 50, hauzalishi chochote, kwa kuwa jua limekwisha kuchwa. Hapo ndipo mitambo ya mafuta mazito, kama ile ya Kipevu kule Mombasa, inapohitajika, hasa katika mwaka wa ukame ambapo maji ya mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yamepungua. Gharama ya mafuta hayo hukokotolewa kila mwezi na kugawanywa kwenye uniti zinazouzwa nchini kote, kwa hiyo huilipa hata ukiishi karibu na Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke.

Ndiyo maana napenda wasomaji wazipokee kwa tahadhari megawati zinazotangazwa siku ya uzinduzi. Mashamba ya upepo ya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, yana mitambo 365, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850, yaani megawati 310 kwa jumla. Lakini hicho ni kiwango cha juu kabisa, wala si ahadi ya kila saa. Tena mitambo hiyo ilikwisha kujengwa ikakaa bila kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja, ikingoja njia ya umeme ya kilomita zipatazo 430 hadi Suswa, ambayo ilikamilika 2018. Chanzo cha nishati bila nyaya za kuifikisha kwa mtumiaji hakimfai mtu.

Sola nayo ina faida ambayo watu hawaioni upesi. Jua linapozalisha umeme mchana, wasimamizi wa gridi wanaweza kupunguza maji yanayopitishwa kwenye mabwawa, wakayaweka kwa ajili ya jioni. Kwa njia hiyo Masinga hufanya kazi ya betri, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja bora ya kuongeza sola nchini, kuliko ile ya kwamba jua ni la bure. Jua ni la bure, lakini paneli, nyaya na betri zinanunuliwa.

SWALI: Nikipita Olkaria usiku naona mvuke mwingi ukipaa angani. Je, huo si umeme unaopotea? (Msomaji, Naivasha)

JIBU: Sehemu kubwa ya wingu unaloliona hutoka kwenye minara ya kupozea, ambako mvuke huishia baada ya kwisha kazi yake, kwa hiyo huo haupotei. Hata hivyo, upo mvuke unaoachiliwa bila kuzalisha kitu. Visima vya jotoardhi, yaani vile vinavyotoa mvuke huo ardhini, huchimbwa kilomita mbili hadi tatu kwenda chini, na kuvifunga na kuvifungua mara kwa mara huweza kuharibu mabomba yake, kwa sababu chuma hutanuka na kusinyaa kadiri joto linavyobadilika. Usiku wa manane matumizi hushuka sana, na huo ndio wakati upepo wa Turkana unapovuma kwa nguvu. Mitambo ya jotoardhi hulazimika kupunguza uzalishaji, na mvuke uliozidi huachiliwa hewani.

Kinachokosekana hapo ni mnunuzi wa saa nane za usiku. Tangu mwishoni mwa 2017, viwanda vimewekewa bei nafuu ya umeme wa usiku, kwa sharti kwamba vizidishe matumizi yake ya kawaida, na kiwanda chenye zamu ya usiku au kampuni yenye mabasi ya umeme yanayochajiwa yakiwa yameegeshwa inaweza kuutumia umeme huo bila kisima kipya kuchimbwa.