Nakala ya kwanza ipande boti
Unauliza vipi seva ya bekapu (nakala za akiba) ya Mjini, Unguja, iwe na pacha wake ofisi ya Chake, Pemba? Usianze na intaneti, ndugu yangu. Kupeleka data ya terabaiti 2 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni siku 18 na ushei, tena laini isikatike hata mara moja! Nakili kwenye diski ya nje, ifunge kwa nywila, panda nayo boti (mkononi, si kwenye mizigo). Ukishaihamishia kwenye seva ya Chake, rsync (programu ya kulinganisha na kunakili faili) ilete mabadiliko tu kila usiku. Seva ya Chake ndiyo iyavute kutoka Mjini. Ya Mjini isiweze kufuta chochote kule, virusi vikiingia Mjini visipate njia ya kufuta nakala ya Chake. Na jaribu kurejesha faili moja kila mwezi. Mimi niliwahi kufungua folda ya bekapu za miezi mitatu, nikakuta tupu.