Jibu: Maji ya kufulia kwa nyasi za sungura

Ndugu, umeuliza kama maji ya kuogea na kufulia yanafaa kumwagilia nyasi za sungura wako bila kuwadhuru. Yanafaa, ila si maji yote, wala si kwa kumwaga ovyo.

Anza na yale ya kusuuzia mara ya mwisho. Maji ya povu la kwanza yana chumvi nyingi za sabuni ya unga, na sodiamu ikijikusanya, udongo hushikamana na maji hayazami tena. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimekauka, acha mara moja, mwagilia maji safi mengi mpaka chumvi ishuke. Maji yaliyofulia nepi, yenye dawa ya kung'arisha nguo au mafuta ya vyombo usiyapeleke huko kabisa.

Kubwa zaidi ni jani lenyewe. Sungura analila bichi, na tumbo lake huharibika upesi mno. Kwa hiyo usinyunyize juu kamwe. Mimi huchimba mfereji wa kina cha kidole kando ya mashina, naufunika kwa majani makavu, kisha namwaga taratibu. Tumia maji siku hiyohiyo. Yakilala zaidi ya saa 24 huanza kunuka na bakteria huzaliana. Gawa eneo sehemu mbili, ili kipande unachotaka kukata kipate maji safi tu wiki nzima kabla. Kata juu ya usawa wa udongo, usuuze, ndipo uwape.